PANDA GARI: Kumbukumbu za magari ya doria ya zamani, na jinsi mfanyakazi anavyobebwa



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba na likizo. Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya gari. Si gari la mkurugenzi, wala si basi la mjini. Ni gari la doria la polisi la zamani, lile lenye turubai nyuma na viti vya pembeni, ambalo baadhi yetu wameliendesha, wengine wamelipanda kwa kuomba msaada, na wengine wamelipanda kwa kusukumwa. Msishangae kuona habari hii katika gazeti la chama. Mchuma chai anayepandishwa nyuma ya lori alfajiri, na kibarua anayebebwa juu ya mifuko ya saruji, wamo ndani ya habari hii tangu mwanzo mpaka mwisho.

Mazungumzo yenyewe yalifanyika hapa kwetu Kimironko. Kwa wasomaji walio mbali, Kimironko ni mtaa wa Kigali katika wilaya ya Gasabo, wenye soko kubwa na kituo cha mabasi kisicholala mapema. Baada ya mwaka 1994 watu walifika mjini hapa kutoka pande zote. Wapo waliokulia Uganda, waliokulia Tanzania, waliotoka Burundi na waliotoka Kongo. Kiswahili kilitukutanisha kwenye gereji na vijiweni muda mrefu kabla ya mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipokipitisha kuwa lugha rasmi. Wengi wetu tuna miaka arobaini na kitu, shule yetu ni ya msingi, na mengine tumefunzwa na kiwanda na barabara. Basi tukikaa jioni na madereva na mafundi, na gari la polisi likapita, kila mmoja hukumbuka lile la kule alikokulia.

KILA NCHI NA JINA LAKE

Wenzetu wa Tanzania husema karandinga, wakimaanisha lile gari kubwa la kubebea mahabusu. Gari dogo la doria waliliita difenda, kwa jina la Land Rover Defender, na jina hilo likawabandikia hata magari ya kampuni nyingine. Waliokaa Nairobi hutaja Mariamu. Lakini jina linalotusimamisha wote ni lile lililotoka Uganda: panda gari.

Vijana hawalijui vizuri, kwa hiyo tulieleze. Katika miaka ya utawala wa pili wa Milton Obote, tangu Desemba 1980 hadi Julai 1985, askari wa Uganda walikuwa wakizingira mtaa au soko, wanakusanya watu, na kuwaamuru wapande malori. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na amri ilitolewa kwa Kiswahili: panda gari! Hata Mganda asiyejua neno jingine lolote la Kiswahili aliyajua hayo mawili. Wako waliorudi nyumbani, na wako ambao hawakurudi. Jina limevuka mpaka, na hapa Kigali pia gari la kuzolea watu limeitwa pandagari. Mama zetu wanaochuuza barabarani wanalijua kuliko sisi, wao pamoja na vikapu vyao.

Tazameni amri yenyewe, ndugu zetu. Haikuambii unakwenda wapi. Haikuambii umekosa nini. Wala haikuambii utakaa juu ya nini ukishapanda. Mambo mawili ya kwanza yamezungumzwa sana na wanasheria, na ni haki yazungumzwe. Jambo la tatu halizungumzwi, na ndilo tunalolishika leo.

GARI LENYEWE LILITOKA WAPI

Gari la kwanza la polisi lenye mota, kama historia inavyoeleza, lilianza kazi mwaka 1899 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Lilikwenda kwa umeme wa betri, mwendo wake ukiwa kiasi cha kilomita 26 kwa saa, na bei yake ilikuwa dola 2,400. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchukua mlevi barabarani. Mwaka uliofuata kukatokea ghasia mjini, na watu wenye hasira wakalisukumia gari hilo ndani ya mfereji wa maji. Tangu mwanzo, basi, gari la polisi limebeba walevi, na limebeba hasira za watu.

Magari tuliyoyajua sisi yalikuja baadaye. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeiacha Uingereza bila chuma cha kutosha, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Land Cruiser ya Toyota ni mtoto wa polisi hasa. Mwaka 1951 gari la majaribio lilipanda mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani wakaliagiza kuwa gari lao la doria, magari 289. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Kwa hiyo mkiona pikapu ya Land Cruiser inapanda mlima kuelekea Kibagabaga, jueni kwamba ukoo wake ulianzia polisi.

Tusisahau mikono iliyoyaunganisha. Mjini Thika, Kenya, kiwanda cha Leyland kilianza kazi katika miaka ya 1970, na wafanyakazi wake waliunganisha Land Rover. Mombasa, katika kiwanda cha AVA, wafanyakazi wameunganisha Land Cruiser. Mfanyakazi mwenzetu aliyefunga nati za kiti cha nyuma huenda alikuja kukaa juu ya kiti hicho siku ya mgomo.

ALIYELIENDESHA

Mzee wetu mmoja, ambaye sasa anauza vipuri vya magari, aliendesha Land Rover ya polisi kwa miaka mingi ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya milimani. Ilikuwa ile ndefu, inayoitwa 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Tulimwomba atusimulie, na alisimulia kama mtu anayemzungumzia ng'ombe mkorofi aliyemlisha watoto wake.

Alisema kwamba asubuhi gari halikuwashwa kwa ufunguo. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo kazi ilianza kwa hendeli mbele ya boneti. Hendeli ina adabu yake: kidole gumba hukiweki upande wa pili kama unavyoshika jembe, bali unakilaza upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha, hendeli huvunja mkono. Mtu aliyekuwa akifundisha hilo ni dereva aliyekwisha kuvunjika.

Usukani ulikuwa mzito na umechakaa, unauzungusha kwanza ndipo tairi linajibu. Katika Land Rover za kabla ya mwaka 1971, kushuka kwenda gia ya pili au ya kwanza kulitaka ukanyage klachi mara mbili na kuilinganisha injini kwa mguu, la sivyo gia zilipiga kelele na kukataa. Breki ulizipampu mara mbili tatu kabla hazijashika. Na breki ya mkono ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika shafti. Ukiipiga jeki gurudumu la nyuma mlimani kwa kuitegemea breki hiyo, gari linaweza kuteremka na wewe uko chini yake. Ndiyo sababu kila dereva alikuwa na mawe mawili nyuma ya kiti chake, na aliyakagua mawe hayo kabla hajakagua bunduki.

Tangi la petroli, katika nyingi za aina ile, lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Dereva alikalia mafuta yake. Springi zilikuwa bapa za chuma zilizolaliana kama za lori. Springi za koili zilianza mwaka 1983 katika Land Rover mpya ya 110, na yeye mzee wetu hakuwahi kuionja hata moja. Leo mgongo wake haunyooki vizuri asubuhi. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba ni ugonjwa wa kazi.

Alituambia jambo jingine ambalo wafanyakazi wa viwandani mtalielewa mara moja. Bodi ya aluminiamu haili kutu kama chuma, lakini chesisi chini yake ni chuma, nayo huoza. Wakubwa walipokuja kukagua, gari lilipakwa rangi na likang'aa. Dereva aliyeandika kwamba chesisi imepasuka aliulizwa kama anaogopa kazi. Kwa hiyo aliacha kuandika, akaendelea kuendesha, akimwomba Mungu.

Na mafuta! Mwananchi alikuja usiku analia kwamba ameibiwa, akaambiwa gari lipo, petroli hakuna. Mzee wetu anasema aibu hiyo ilimkaa kuliko maumivu ya mgongo, maana aliyetazamwa na mwananchi ni dereva, si yule aliyepanga bajeti.

WALIOLIPANDA

Kumbukumbu zetu sisi tuliopanda si za aina moja, na si haki kuzifanya ziwe moja.

Sisi tuliokulia upande wa Karagwe na Ngara tulikuwa tunaijua Land Rover ya polisi kwa sauti kabla ya kuiona. Ikikwama, watoto tulitoka mashambani kuisukuma, na askari walituruhusu kudandia mpaka darajani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kupanda chombo chenye injini. Mwenzetu mmoja wa kiwandani alizaliwa usiku ambao gari la polisi lilikuwa ndilo gari pekee katika tarafa nzima. Mama yake alilazwa kwenye benchi la pembeni, askari wawili wakamshikilia asianguke kwenye mashimo, na wakafika hospitali mtoto akiwa bado. Familia ile iliwashukuru askari hao miaka yote.

Halafu iko safari nyingine. Ni miaka mingi iliyopita, katika kiwanda ambacho hatukitaji na mji ambao si huu. Tulikuwa tumesimama langoni kudai malipo ya saa za ziada ya miezi minne. Hatukurusha jiwe. Mwajiri alipiga simu, pikapu ya polisi ikaja, na tukaambiwa yale maneno mawili. Tulipanda watu kumi na wanne nyuma ya gari lililokuwa na mabenchi mawili mafupi. Waliowahi walikaa, waliobaki tulichuchumaa sakafuni, kati yetu gurudumu la akiba ambalo halikufungwa na sanduku la chuma la spana.

Barabara ilikuwa ya kona. Katika kona ya kwanza sanduku lilitutisha tu. Katika kona ya tatu dereva alifunga breki kwa ajili ya mbuzi, na gurudumu likateleza kwa uzito wake wote. Lilimponda mguu fundi mitambo wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, na likaendelea likambana askari kijana aliyesimama karibu na mlango. Wote wawili walipiga kelele moja. Yule askari alishika bomba la turubai, bomba likang'oka, naye angedondoka barabarani kama wawili wetu wasingemshika mkanda wake. Bunduki yake aliipakata mzee ambaye dakika kumi nyuma alikuwa ametishwa kwayo.

Tulifika kituoni. Jioni tuliachiwa, hakuna kesi iliyoandikwa. Fundi wetu alikaa nyumbani wiki tano bila mshahara, kwa sababu mwajiri alisema hakuumia kazini. Habari za yule askari tulizipata baadaye, kwamba naye aliambiwa ajitibu mwenyewe.

Tumeitafakari safari ile mara nyingi katika mikutano ya tawi. Pale langoni tulikuwa pande mbili. Kule nyuma ya gari, mbele ya gurudumu lile, hapakuwa na pande mbili. Mtengenezaji alitoa nafasi ya mizigo, na mtu fulani mwenye kalamu akaamua kwamba nafasi ya mizigo inatosha kwa watu, awe mkamataji au mkamatwaji.

JAMBO AMBALO HATULIRUKI

Tunaandika tukiwa Kigali, na katika mji huu haifai kuzungumzia magari ya dola ya zamani kama mambo ya kuchekesha tu. Kabla ya mwaka 1994 kazi ya polisi nchini Rwanda ilifanywa na jandarmeri, iliyokuwa sehemu ya majeshi, pamoja na polisi wa komini. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tangu Aprili hadi Julai 1994, wako askari wa jandarmeri walioshiriki kuua watu waliopaswa kuwalinda. Mwaka 2023 mahakama ya Paris ilimhukumu Philippe Hategekimana, aliyekuwa askari wa jandarmeri huko Nyanza, kifungo cha maisha kwa makosa hayo.

Polisi wa Taifa wa Rwanda waliundwa kwa sheria ya Juni 2000, kwa kuunganisha jandarmeri, polisi wa komini na wapelelezi wa mahakama, na magari yakabadilika pamoja na sare. Lakini wako wazee hapa mtaani ambao mazungumzo ya magari ya doria yakianza, hunyanyuka na kwenda zao. Tunawaomba vijana wasiwafuate kwa maswali. Kumbukumbu za kusukuma Land Rover ni zetu sisi tuliokulia nje, nao wana zao.

ASKARI NAYE NI MFANYAKAZI

Wako wanachama watakaosema: chama cha wafanyakazi kinatafuta nini katika gari la polisi? Jibu letu ni kwamba anayekaa nyuma ya pikapu saa nane usiku, mvua ikimnyeshea, ni mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi, mwenye kodi ya nyumba na watoto wa shule. Ana jambo moja tu lililo tofauti na sisi: nchi nyingi hazimruhusu kuwa na chama. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unaotulinda sisi tunapojiunga na vyama, unasema katika kifungu cha 9 kwamba juu ya majeshi na polisi kila nchi itaamua yenyewe. Afrika Kusini chama cha POPCRU kilianzishwa mwaka 1989, askari polisi na magereza wakidai haki wakati wa ubaguzi wa rangi. Katika sehemu zetu hizi askari hana mlango huo.

Kwa hiyo anapopewa gari lenye breki za kupampu, hana wa kumwambia. Sisi tunaye. Hiyo ndiyo tofauti, na ni aibu kubwa kama sisi wenye mlango tunakaa kimya juu ya jambo lile lile.

KUTOKA KARANDINGA HADI LORI LA CHAI

Maana jambo ni lile lile. Nendeni Mulindi, nendeni Pfunda, nendeni Gisakura au Kitabi wakati wa mavuno. Nendeni Kericho au Mufindi. Swali la kuuliza ni moja kila mahali: watu wanafikaje shambani? Palipo na basi lenye viti, tunampongeza mwajiri huyo. Palipo na lori, mtamkuta nyapara anahesabu vichwa, si viti. Watu wanasimama wameshikana mabega, mapanga na mapipa ya dawa yakiwa miguuni mwao, na mama mjamzito anainuliwa kwa mikono kwa sababu lori halina ngazi. Amri haitamkwi kwa ukali wa askari, lakini ni maneno yale yale mawili.

Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya shule ya msingi. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, kila aliyemo anakwenda mita kama 17 kwa kila sekunde. Gari likigonga mti, gari linasimama. Mtu asiyefungwa hasimami, anaendelea kwa mwendo ule ule mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha: kichwa cha mwenzake, kingo ya bodi, au lami. Kishindo hicho ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 14, yaani juu ya nyumba ya ghorofa tatu au nne. Hata kwa kilomita 40 kwa saa, ambao ni mwendo wa lori la shamba, ni kama kuanguka kutoka mita 6. Hakuna nyapara anayeweza kumwamuru mtu aruke kutoka mita 6, lakini kila asubuhi watu hupandishwa kwenye hatari hiyo na tunaita usafiri.

Dawa yake si siri. Mkanda wa kiti unaoshika bega na kiuno ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959. Kenya iliwalazimisha wenye matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo mwaka 2004, katika kanuni zilizopewa jina la waziri John Michuki. Rwanda ilitoa amri ya vidhibiti mwendo mwaka 2015, na magari ya abiria yakafungwa kwenye kilomita 60 kwa saa. Ni hatua nzuri. Lakini kidhibiti mwendo hakimpi mtu kiti. Hapa jirani yetu, Remera, kuna kituo cha ukaguzi wa magari ambacho mashine zake hupima breki na taa. Mashine hizo hazisimami kila alfajiri langoni mwa shamba kuona nani amekaa juu ya nini. Hiyo ni kazi ya tawi.

Sheria za kimataifa ziko upande wetu. Mkataba namba 110 juu ya mashamba makubwa, wa mwaka 1958, unataka vyombo vya kuwasafirishia wafanyakazi walioandikishwa viwe vinafaa kwa kazi hiyo, viwe safi, na visijazwe kupita kiasi. Mkataba namba 155 juu ya usalama kazini, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoona kwa sababu ya haki kuwa maisha yake yako katika hatari kubwa na ya karibu, asiadhibiwe. Juni 2022 mkataba huo wa 155 uliwekwa katika daraja la mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inatakiwa kuheshimu misingi yake hata kama haijairidhia. Na hapa Rwanda, ajali ya njiani kati ya nyumbani na kazini huhesabiwa kuwa ajali ya kazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Fundi wetu mwenye mguu uliopondwa asingekaa wiki tano bila kitu kama angekuwa na mtu wa kumwambia maneno kama haya.

TUFANYE NINI

Tunapendekeza kila tawi, la kiwanda na la shamba, lipeleke madai haya mezani katika mazungumzo ya mkataba ujao:

1. Gari la kupelekea wafanyakazi liwe na viti vilivyofungwa kwa nati, vyenye mikanda, na kingo za pembeni zinazozidi urefu wa bega la aliyekaa.

2. Watu wasichanganywe na mizigo. Mapanga, majembe, mapipa ya dawa, mbolea na gurudumu la akiba vifungwe sehemu yake au vibebwe safari ya pili.

3. Kuwe na ngazi na chuma cha kushika. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa wakae mbele.

4. Idadi ya abiria iandikwe kwa rangi kwenye mlango wa gari. Nyapara anayezidisha aulizwe jina lake katika kikao.

5. Kila gari liwe na daftari. Dereva aandike ubovu kabla ya safari na apewe sahihi ya aliyepokea. Dereva anayekataa gari bovu asiitwe mwoga wala mvivu, na chama kisimame naye.

6. Ajali ikitokea, hata ndogo, tawi liandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, namba ya gari, majina ya waliokuwemo na wapi kila mmoja alikuwa amekaa. Karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza wakati mwajiri atakaposema hukuumia kazini.

Wako watakaosema kwamba viti ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Mguu wa fundi mitambo nao ni gharama, ila uliwekwa katika hesabu za nyumbani kwake na si katika hesabu za kampuni. Sisi tunadai uhamishiwe kwenye daftari linalostahili.

Kabla ya mkutano wa tawi wa mwezi ujao, tunawaomba makatibu wahesabu magari yote yanayobeba wafanyakazi katika eneo lao, na waandike katika safu mbili: yenye viti, na yasiyo na viti. Wasisahau kuzungumza na madereva, maana wao ndio wanaojua breki ipi inapampiwa na chesisi ipi imefungwa kwa waya. Orodha zikifika, tutazichapa hapa, kila shamba na kila kiwanda na idadi yake, ili wenzetu wote waone nani anabebwa kama mtu na nani bado anabebwa kama gunia.

Umoja ni nguvu.